Mwalimu na Zana Zake Kando ya Nyanza

Mvuvi aingiaye ziwani akarudi mikono mitupu, twamwuliza kwanza habari za wavu wake. Mkulima asiyelima hatumwiti mvivu kabla ya kujua kama jembe analo. Lakini mwalimu, ambaye naye ana wavu wake na jembe lake, aghalabu huhukumiwa kwa namna nyingine. Watoto wake wasiposhika somo, lawama humwendea yeye mara moja. Swali la kitu gani alichotiwa mkononi, na nani aliyemfundisha kukitumia, huja nyuma, tena likija. Insha hii yataka kulileta swali hilo mbele, na kulitafutia jawabu katika historia ya mahali pamoja.

Mahali penyewe ni Mwanza na nchi zilizo kando ya Ziwa Viktoria: Usukuma, Ukerewe, Musoma na Bukoba. Tangu mwaka 1968, kwa muda wa miaka kumi na zaidi kidogo, nchi hizi ziliona majaribio matatu makubwa ya kumwandaa mwalimu na kumpatia kitabu. Baadhi yake yalianzia hapa yakaenea Tanzania nzima. Mengine yaliamuliwa hapa yakaitikisa nchi yote. Wengi wetu twayakumbuka matokeo yake kwa jina la dhihaka tu, nalo ni jina la "mwalimu wa UPE". Nadhani dhihaka hiyo haikuwa ya haki, na sababu zake nitazieleza.

Tusipowahesabu walimu wa Kurani waliofuatana na misafara ya pwani, walimu wa kwanza wa kusomesha herufi katika nchi hizi walikuwa makatekista. Mapadre Weupe walifika kusini mwa ziwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, si mbali na Mwanza. Shule ya katekista ilikuwa kibanda au kivuli cha mti, na kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Wanafunzi walifuata kwa sauti na kukariri. Njia hiyo ilifaa kwa kutia maneno katika moyo, walakini haikumpa mwanafunzi uwezo wa kukaa peke yake na karatasi asiyoijua akaifahamu.

Wakati wa Waingereza, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo huko Dar es Salaam mwezi wa Januari, 1923. Lilikuwa na habari, hadithi, mashairi, na mafundisho juu ya kilimo na afya. Mwalimu wa kijijini aliyebahatika kulipata alikuwa na kitu kipya cha kusoma kila mwezi, na kitu kipya cha kuwasomea wengine. Kwa jicho la leo twaweza kuliona kuwa sauti ya serikali ya kigeni, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini pia lilikuwa miongoni mwa zana za mwanzo zilizomfuata mwalimu kazini mwake baada ya yeye kuaga chuo. Wazo hilo, kwamba mwalimu asiachwe siku ile atokapo chuoni, ndilo kiini cha habari yote inayofuata.

Kusoma na kuhesabu kulikuwa na uzito wa pekee katika Usukuma kwa sababu ya pamba. Mkulima aliyefikisha robota yake kwa mnunuzi alisimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma, akapewa hati asiyoweza kuihakiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima waliozishuku mizani hizo walianza kuweka watu wao wenyewe wa kupima pamba kabla haijauzwa. Katika tendo hilo dogo mlizaliwa jambo kubwa. Vyama vya ushirika vilikua mpaka mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Tuangalie maana yake. Chama cha ushirika chahitaji karani, mweka hazina, na wanachama wanaoweza kusoma hesabu za chama chao. Wanachama wasipoweza, watakuwa wameondoa mizani ya mgeni na kuweka mizani ya ndugu, na bado hawataweza kuisoma. Kwa hiyo elimu ya watu wazima haikuwa pambo kando ya Nyanza. Ilikuwa ulinzi wa jasho la mtu.

Mwezi wa Septemba, 1965, mawaziri wa elimu wa nchi nyingi walikutana Teheran kushauriana juu ya kuondoa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Katika mashauri hayo ulitoka mpango wa majaribio wa UNESCO wa kufundisha kisomo kwa kukifunga pamoja na kazi ya mtu. Nchi kumi na moja zilijaribu mpango huo, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Makao ya mradi yaliwekwa Mwanza, kazi ikaanza mwaka 1968, na mikoa iliyohusika ilikuwa ile ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera.

Kilichokuwa kigeni katika mradi huu ni namna ya kukifikiri kitabu. Kitabu cha kwanza cha zamani kilianza na silabi, na maneno yake yalichaguliwa kwa wepesi wa kutamkwa. Kitabu cha Mwanza kilianza na shamba. Palikuwa na kitabu cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha ndizi kwa watu wa Bukoba, cha ng'ombe kwa wafugaji, cha uvuvi kwa watu wa ziwani, na cha mambo ya nyumbani. Neno la kwanza alilolisoma mtu mzima lilikuwa neno la kazi yake. Katika kulichambua neno hilo alijifunza herufi, na katika kuizungumza picha iliyokuwa juu yake alijifunza kupanda kwa mistari au kuwakinga ng'ombe na kupe. Hesabu nayo haikuwa ya machungwa ya kufikirika. Ilikuwa ya kilo, bei na makato.

Lakini kitabu cha namna hii chamtaka mwalimu wa namna yake, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Walimu wa shule za msingi walikuwa wachache, na kazi ya watoto iliwatosha. Basi wengi wa walioitwa kufundisha walikuwa watu wa kujitolea: vijana waliomaliza shule ya msingi, mabwana shamba, na watu wazima waliojua kusoma, waliopewa posho ndogo isiyoweza kuitwa mshahara. Mtu kama huyu hakuweza kupelekwa chuoni miaka miwili. Alipewa mafunzo ya muda mfupi, kisha akapewa kiongozi cha mwalimu kilichofuatana na kitabu cha mwanafunzi somo kwa somo: aanze na swali gani, aonyeshe picha ipi, aandike nini ubaoni, na afanye nini wanafunzi wakikosa. Baada ya hapo alitembelewa na msimamizi, na baada ya muda aliitwa tena kwenye semina.

Wako waliosema kuwa kiongozi cha namna hiyo humfanya mwalimu kasuku. Neno hilo lina ukweli ndani yake, kwani mwalimu anayesoma maagizo tu hataweza kujibu swali lisilokuwamo katika maagizo. Hata hivyo tuseme kweli: kijana wa miaka kumi na minane aliyesimama mbele ya wazee wenye umri wa baba zake na mama zake alihitaji kitu cha kumshika mkono. Heshima ya umri ilikuwa dhidi yake. Hakuweza kumwambia mzee "umekosa" kama mtoto amwambiavyo mwenziwe. Kiongozi kizuri kilimwonyesha njia ya kumwuliza mzee juu ya pamba, jambo ambalo mzee alilijua kuliko yeye, ili mwalimu naye awe mwanafunzi kwa nusu saa, na darasa liwe mahali pa kupeana. Huko si kumfanya mtu kasuku. Ni kumpa adabu ya kazi yake.

Mradi haukukosa dosari. Wengi wa wanafunzi waliongea Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya nyumbani, na kitabu kilikuwa cha Kiswahili. Kwa hiyo waliokuwa wakijifunza kusoma walikuwa pia wakijifunza lugha, na mwalimu hakuwa ameandaliwa sana kwa kazi hiyo ya pili. Wakati wa kulima madarasa yalipungua watu, na mradi uliosifu kilimo haukuweza kuwalaumu walioliacha darasa kwa ajili ya shamba. Tena kulikuwa na watu ambao hawakutaka kusoma habari za pamba, maana pamba waliijua. Walitaka kusoma barua za watoto wao, au Biblia, au Kurani, au gazeti. Kumfungia mtu katika kazi yake kwa nia ya kumfaa kunaweza kuwa namna nyingine ya kumpunguzia dunia.

Wakati mradi ukiendelea, Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa hili, na ambaye aliitwa Mwalimu kwa kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikachaguliwa wilaya sita ambazo ujinga wa kutojua kusoma ulitakiwa uondoke humo kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo. Kisiwa ni mahali pazuri kwa jaribio la namna hii, kwa sababu mipaka yake yaonekana na watu wake wajuana. Lakini ni mahali pagumu pia, kwa sababu kila boksi la chaki na kila furushi la vitabu lazima lingojee chombo.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa kwa kadiri yoyote ya kupimia. Kampeni ilienezwa nchi nzima kwa vitabu vilivyofuata mfano wa Mwanza, na kufikia mwaka 1975 wanafunzi watu wazima walioandikishwa walizidi milioni 5. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 67. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1975 walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Wataalamu wanaweza kubishana juu ya kipimo kilichotumika, na ni haki yao. Lakini hapana anayeweza kukana kwamba kazi hii ilifanywa zaidi na walimu ambao serikali haikuwahesabu kuwa walimu kamili.

Mtu aliyejifunza kusoma na kisha akakosa cha kusoma hurudi alikotoka. Jambo hilo lilijulikana mapema Mwanza, na mradi wa majaribio ulipomalizika, palifuata huko huko mradi wa kutengeneza mitaala na zana za kisomo. Waandishi walifunzwa, maktaba za vijijini zikafunguliwa, na mwaka 1974 likaanza gazeti la vijijini la kanda ya ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Jina lake ni methali ambayo kila mtu aijua. Gazeti hilo liliandikwa kwa Kiswahili chepesi na herufi zisizomsumbua msomaji mpya, juu ya mambo ya huku huku. Mwalimu wa kisomo alipata ndani yake somo la kesho, nalo halikutoka mbali.

Mwaka ule ule wa 1974, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio lililotoka hapo liliamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Shabaha ya kwanza ilikuwa 1989. Kwa hiyo miaka kumi na miwili ilikatwa kwa neno moja. Mwaka 1974 watoto katika shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha walizidi milioni 3. Vyuo vya ualimu, pamoja na Butimba cha Mwanza, visingaliweza kutoa walimu wa kutosha hata kama vingalifundisha usiku na mchana.

Hapo ndipo mbinu za kisomo zilipoingia katika shule za watoto. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa wakapelekwa kufundisha katika shule za vijiji, na huku wakifundisha, wakafundishwa. Kwa muda wa miaka mitatu walisoma vijitabu vilivyoletwa kwao, wakasikiliza vipindi vya redio, wakafanya mazoezi yaliyosahihishwa na wakufunzi waliokuwa karibu nao, na mwisho wakaenda chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani. Asubuhi kijana alikuwa mwalimu, na alasiri alikuwa mwanafunzi. Kati ya mwaka 1976 na mwanzo wa miaka ya 1980, zaidi ya watu 40,000 waliingia katika mpango huu, na zaidi ya 35,000 walifuzu. Kwa ukubwa wake, ulikuwa miongoni mwa mipango mikubwa ya namna hiyo katika Afrika.

Ndipo ikazuka dhihaka niliyoitaja. "Mwalimu wa UPE" likawa neno la kumtambulisha mtu asiyejua Kiingereza, asiyejua hesabu, aliyepata kazi kwa bahati ya taifa kuwa na haraka. Je, ilikuwa kweli? Wachunguzi waliochapisha kazi yao kwa msaada wa taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu mwaka 1989 waliwalinganisha walimu hawa na wale waliosoma vyuoni. Waliosoma vyuoni walionekana kuwa mbele katika mambo fulani, hasa sayansi. Lakini katika kazi ya darasani kwa jumla tofauti haikuwa kubwa kama ilivyosemwa mitaani.

Ikiwa hivyo, kwa nini shule zilidhoofika? Jawabu langu ni kwamba mtu hakupungua. Zana ndizo zilizopungua. Mpango wa kumfundisha mwalimu kazini husimama juu ya nguzo nne: kijitabu kifike, redio isikike, mkufunzi aje, na ubao uwe na chaki. Katika vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, nchi ya magharibi ya ziwa ilikuwa uwanja wa mapigano, na taifa zima likalipa gharama yake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na bei ya mazao imeshuka. Katika miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu, na betri za redio pia. Mkufunzi asiye na petroli hakuweza kuwafikia walimu wake. Nguzo zikaondolewa moja moja, na nyumba ilipoinama, akalaumiwa mtu aliyekuwa akikaa ndani yake.

Kisa kimoja cha Ukerewe chaonyesha kuwa akili haikukosekana. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe masimulizi marefu ya maisha ya watu wa kisiwa chake: kilimo chao, ndoa zao, dawa zao, adabu zao. Hapakuwa na mchapaji wa kukipokea. Baadaye alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakichapa yeye akiwa ukingoni mwa maisha yake. Alifariki mwaka 1981. Katika miaka thelathini na mitano ambayo hati ile ilingoja, walimu wangapi wa kando ya Nyanza walisimama mbele ya watoto bila kitabu chochote kilichotaja jina la kijiji wanachokijua? Hazina ilikuwapo, kilichokosekana kilikuwa daraja kati ya hazina na darasa.

Mambo ya baadaye yanayarudia haya kwa majina mapya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ulizijaza shule tena, na tena wanachuo wakasoma mwaka mmoja chuoni na mwaka wa pili wakiwa shuleni. Vituo vya walimu vilivyojengwa katika kata, ambamo walimu wa shule jirani hukutana kutengeneza zana na kushauriana, vilikuwa wazo jema. Lakini jengo lisilo na vitabu wala mtu wa kuliendesha hugeuka ghala. Mwaka 2020 serikali ilitoa kiunzi cha mafunzo endelevu ya walimu kazini, mpango uitwao kwa ufupi MEWAKA, ambao huwakusanya walimu wa shule moja katika jumuiya ya kujifunza. Tungewauliza wazee wa kisomo wa Mwanza, wangesema kuwa jambo hilo walilifanya chini ya miembe, kwa taa ya chemli.

Historia hii yatufundisha mambo matatu. La kwanza, mafunzo ya mwalimu ni njia ndefu isiyokatika siku ya kupewa cheti, na aliyeanza na elimu ndogo aweza kufika mbali akitembelewa. La pili, zana bora huandikwa karibu na mahali zitakapotumika, walakini zisimfunge msomaji mahali hapo. La tatu, mpango unaotegemea fedha na karatasi za kuombwa utasimama kwa kadiri ya moyo wa mtoaji. Ushirika wa wakulima ulianza kwa watu kutaka kupima wenyewe. Elimu nayo yataka mizani yake iwe mikononi mwa wenye mali.

Wengi wa vijana wale wa 1976 wamekwisha kustaafu, na baadhi yao wamezikwa. Walifundisha kusoma kizazi ambacho watoto wake ndio wanaojaza vyuo vikuu vya leo, pamoja na kile cha Nyegezi kilicho kando ya ziwa lenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayecheka jina la mwalimu wa UPE amwulize mzazi wake ni nani aliyemshika mkono katika herufi ya kwanza, na mwalimu huyo naye siku hiyo alikuwa na nini mkononi.